Ndui: Mabadiliko ya Jeni Katika Seli Iliyoambukizwa

Ndui ilisababishwa na virusi vya variola, ambavyo kwa asili humpata binadamu peke yake. Vikiingia katika seli, hunyamazisha jeni nyingi za mwenyeji na kuitumia mitambo ya seli kujizalisha.

Njia ya misafara

Katika karne ya 19 ndui ilikuwa tishio kubwa kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh (Tabora) Novemba 1857, aliandika jinsi ilivyowaua wapagazi. Kwa kawaida homa huanza siku 10 hadi 14 baada ya maambukizo, na kabla yake mtu haambukizi wengine. Mpagazi aliyeipata pwani alibeba mzigo wake wa merikani na shanga akiwa mzima, akaugua akiwa mbali bara, katika kambi iliyojaa watu.

Ndani ya seli

DNA ya variola ina jozi za besi karibu 186,000. Tofauti na virusi vingi vya DNA, huzaliana katika saitoplazimu, nje ya kiini, kwa polimerasi yake yenyewe. Mengi yamejulikana kupitia vaksinia, jamaa yake aliyetumika katika chanjo. Vimeng'enya vyake D9 na D10 hukata kofia ya RNA mjumbe, nayo RNA isiyo na kofia huharibiwa upesi. RNA za virusi pia huguswa, ila hutengenezwa kwa wingi mno hata ribosomu zikabaki kuzitumikia hizo.

Seli hupambana kwa nguvu. Kikitambua RNA ya nyuzi mbili, kimeng'enya PKR husimamisha utengenezaji wa protini, na interferoni huamsha mamia ya jeni za kinga katika seli jirani. Vaksinia hujibu kwa protini E3, inayoificha RNA hiyo, na B18, inayoinasa interferoni nje ya seli.

Kuhusu variola yenyewe, utafiti wa mwaka 2004 katika damu ya nyani ulitoa tokeo la kushangaza: jeni za interferoni ziliamka sana, lakini zile zinazoongozwa na NF-kB na TNF, protini zinazochochea uvimbe wa kinga, zilibaki kimya, ingawa virusi vilikuwa tele mwilini.

Hali ya sasa

Mgonjwa wa mwisho wa maambukizo ya asili alipatikana Merca, Somalia, mwaka 1977. WHO ikatangaza kutokomezwa kwa ndui mwaka 1980. Mpox, inayosababishwa na virusi vya jenasi moja na variola, ilisambaa mashariki mwa Kongo na kufika Burundi mwaka 2024.