Bunge la Mtaa: Vile Nairobi Ilikuwa Inabishana Kabla ya Kila Kitu Kuwa na Admini

Wiki iliyopita nilitolewa kwa grupu ya WhatsApp ya ploti yetu hapa Riruta. Sikutukana mtu. Niliuliza tu mbona tunalipa pesa ya maji na mifereji imekauka tangu Jumatatu. Dakika mbili hazijaisha, nje! Enyewe nikakumbuka vile wazee wa Satellite hutupigia story: enzi zao ukibisha, unabishiwa. Hutolewi.

Kama hukuwa umezaliwa, ama ulikuwa bado unanyonya, hii ndio historia kwa ufupi.

Kamukunji ni nini?

Neno limetoka kwa uwanja wa Kamukunji, kule upande wa Shauri Moyo. Hapo ndipo mkutano wa Saba Saba, tarehe 7 Julai 1990, ulikuwa ufanyike, watu wakidai vyama vingi. Gava ikatuma karao, ikawa noma. Lakini jina halikukufa. Leo mwanafunzi wa chuo akikuambia "kuna kamukunji", anamaanisha wasee wakutane, wabonge, waamue. Kibera pia wana Kamukunji yao, na ni uwanja wa mikutano vile vile.

Jeevanjee, makao makuu

Base inayojulikana zaidi ni Jeevanjee Gardens, pale tao kando ya Moi Avenue. A. M. Jeevanjee, mfanyabiashara, aliwapa watu wa Nairobi hiyo bustani mwaka wa 1906. Mwaka wa 1991 kukawa na mpango wa kuijenga maduka na maegesho ya magari. Mjukuu wake, Zarina Patel, akasimama na wenzake wakapinga mpaka mpango ukafa. Bila huyo mama, leo ungekuwa unaparki gari mahali watu wanabishania katiba.

Miaka hiyo ya 90 ndio Bunge la Mwananchi lilishika moto kwa hizo benchi. Halikuwa na jengo wala mshahara. Aliyesoma na aliyeacha shule, mwenye kazi na mwenye anatarmac, wote wanakaa kwa ubao mmoja. Na haikuwa mdomo tu. Mwaka wa 2011, bei ya unga ilipopanda, bunge hili lilikuwa mbele kwa maandamano ya Unga Revolution.

Sheria za base

Hizi hazijaandikwa popote, lakini ukikaa kwa base yoyote, kutoka Jeevanjee mpaka kwa muuza magazeti wa Naivasha Road, utazijua:

1. Gazeti ni moja, wasomaji ni kumi. Anayesoma kwa sauti hasemi maoni yake kabla amalize.
2. Ukisema kitu, utaulizwa umekitoa wapi. "Nimeskia" haihesabiki.
3. Kushindwa si aibu. Kuhama benchi juu umeshindwa, hiyo ndio aibu.
4. Kesho mnapatana hapo hapo, kwa hivyo chunga mdomo.

Hiyo ya nne ndio ilikuwa inashikilia zingine zote. Mtu utakayemwona kesho huwezi kumvunjia heshima ovyo.

Halafu saiba zikaingia

Kabla nyaya za chini ya bahari zifike Mombasa mwaka wa 2009, intaneti ilikuwa ya kwenda saiba na kuhesabu dakika. Wasee waliandika haraka juu ya pesa. Wakenya wa hapa na wa majuu walikuwa wanapatana Mashada, iliyoanzishwa na David Kobia, wanabishana siasa usiku kucha. Hakuna aliyejua wewe ni nani, na hiyo ndiyo ilikuwa raha yake.

Lakini hiyo raha ilikuwa na sumu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi ikawaka, na mabishano yakageuka chuki ya kikabila. Januari 2008 Kobia akayafunga, akafungua mahali pengine panaitwa I Have No Tribe, watu waandike kwa utulivu. Pia alikuwa mmoja wa walioanzisha Ushahidi.

Kwa hivyo tusidanganyane eti zamani ilikuwa mbinguni. Hata kwa benchi, wamama walikuwa wachache, mpaka wengine wakaanzisha lao, Bunge la Wamama Mashinani. Shida ya Mashada haikuwa uhuru. Ni vile sheria ya nne ilikuwa imepotea: hakuna kupatana kesho.

Sasa tuko wapi?

Juni 2024 sisi wenyewe tulirudisha bunge. Mswada wa Fedha ulijadiliwa kwa Space za X, kipengele kwa kipengele, wengine wakiutafsiri kwa lugha za nyumbani. Tarehe 26 Juni rais akakataa kuutia sahihi. Tarehe 5 Julai akaingia mwenyewe kwa Space, akaulizwa maswali bila kupakwa mafuta.

Lakini kubonga kuna bei. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu, alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya maneno yaliyowekwa X kuhusu mkubwa wa polisi. Akaletwa Nairobi, akafia mikononi mwa polisi. Ukijua hiyo, unaelewa mbona wasee wengi wanapenda kunyamaza, ama kubaki kwa grupu yenye kila mtu anakubaliana.

Mimi niliamua kuanza na kadogo. Asubuhi iliyofuata nilimpata admini wetu kwa kibanda cha chapo. Tukabishana kama dakika ishirini, mama wa chapo akiwa spika. Kumbe pia yeye hana maji, na alikuwa anaogopa landilodi ataona swali langu kwa hiyo grupu. Tukaenda kumuona landilodi pamoja.

Maji bado. Lakini sasa tuko wawili, na Jumamosi tunarudi.