Punda, mbuyu na watoto wa bustani ya Bagamoyo

Waumini waliofurika Bagamoyo mwaka 2018, Kanisa Katoliki lilipotimiza miaka 150 Tanzania Bara, walikaribishwa kwanza na kivuli cha miembe. Safu zake mbili, zilizoanza kupandwa mwanzoni mwa miaka ya 1870, ndizo njia ya kuingia misheni ya mapadre wa Roho Mtakatifu.

Mapadre Antoine Horner na Étienne Baur waliianzisha mwaka 1868. Walitaka misheni ijilishe yenyewe, wakapanda minazi, mboga na vanila. Aprili 1872 kimbunga kikaangusha mengi; wakaanza upya.

Lakini mashimo ya miche hayakuchimbwa na mapadre peke yao. Watoto waliokombolewa kwa fedha kutoka soko la watumwa la Unguja walisoma, wakasali, kisha wakaenda shamba. Sisi wa Kiwangwa, tunaoishi kwa mananasi, tunajua mistari ya shamba hainyooki yenyewe.

Wageni, hata hivyo, hukimbilia mbuyu wa misheni. Simulizi ya misheni ni kwamba Madame Chevalier, Mfaransa aliyekuja kuhudumia wagonjwa, alimfunga punda wake hapo kwa mnyororo. Mnyororo ukasahaulika, mti ukanenepa ukaumeza, kikabaki kipande kidogo nje. Sasa mgeni aliyekwisha kusikia habari za misafara ya pembe na watumwa akiona chuma ndani ya mti, huamua palepale kwamba walifungwa watu. Mwongozaji aeleze habari za punda mpaka jasho limtoke, wapo watakaoondoka wakiguna kwamba wamefichwa jambo.

Mimi namwamini punda. Kinachoniudhi ni kwamba ubishi wote unaishia kwenye mbuyu, na watu wanarudi kwenye magari wakipita chini ya miembe bila kuuliza iliota vipi. Utumwa umo bustanini humo, ila tunautafuta kwenye mti usiohusika.

Habari za mimea ziliendelea: Padre Charles Sacleux, aliyefika mwaka 1879, alikusanya mimea ya pwani na majina yake, mengi yakaingia katika kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa. Wajerumani, watawala wa wakati huo, wakahamisha makao makuu yao kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam mwaka 1891, na huko nako wakafungua bustani ya mimea. Bagamoyo ikapata kanisa jipya, likaja taifa huru, wakaja watalii.

Ningekuwa na uwezo, ningeweka kibao kwenye mwembe wa kwanza, kinachowataja watoto kabla ya mapadre.