Kasa wa Chicago na Bei Zilizochafuka

Mwishoni mwa 1983, tangazo lisilo la kawaida lilitokea katika magazeti makubwa ya Marekani. Richard Dennis, tajiri wa soko la bidhaa la Chicago, alitafuta watu wa kuwafundisha kazi yake ya kununua na kuuza mikataba ya bidhaa, hata wasio na uzoefu. Chanzo kilikuwa ubishi na mwenzake, William Eckhardt: Dennis aliamini kazi hiyo hufundishika, Eckhardt alishikilia kwamba ni kipaji cha kuzaliwa. Waliochaguliwa walisomeshwa wiki mbili, kisha wakakabidhiwa fedha za Dennis. Aliwaita Kasa, akikumbuka shamba la kasa aliloliona Singapore.

Baadhi ya waliyofundishwa yalikuwa ya zamani. Richard Donchian, aliyeanzisha mfuko wake mwaka 1949, alikuwa na kanuni ya wiki nne: nunua bei inapovuka kilele cha wiki hizo, uza inaposhuka chini ya kiwango cha chini kabisa cha wiki hizohizo. Swali gumu lilikuwa jingine. Ukishanunua, bei irudi nyuma kiasi gani ndipo ukubali umekosea?

Wengi walijiwekea kikomo kisichobadilika, tuseme senti tano. Kahawa iliwaumbua. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Paraná, Brazil, na ratili moja iliyokuwa chini ya dola 1 ikapita dola 3 mwaka 1977. Katika soko lililochafuka hivyo, senti tano hupotea kabla ya chakula cha mchana, na mwenye kikomo hicho hufukuzwa sokoni hata kama ameona sawasawa bei inakoelekea.

Jibu lilitoka kwa mhandisi wa mitambo, J. Welles Wilder, katika kitabu chake cha 1978. Alipima mwendo wa bei kwa siku: tofauti ya kilele na bei ya chini ya leo, pamoja na mruko wowote kutoka bei ya kufungia ya jana, kisha akatafuta wastani. Kasa walitumia wastani wa siku 20 na kuuita N.

Hapo ndipo ufundi ulipo. Tuchukue akaunti ya dola 1,000,000 na mkataba wa kahawa wa ratili 37,500. N ikiwa senti 2, mkataba mmoja hutikisika kwa dola 750 kwa siku. Kanuni ilitaka N moja isizidi asilimia 1 ya akaunti, hivyo Kasa alinunua mikataba 13. Soko likichafuka na N kufika senti 8, alinunua 3 tu. Kikomo cha kuuza kilikuwa N mbili: senti 4 wakati wa utulivu, senti 16 wakati wa msukosuko. Hasara ya kwanza ingekuwa dola 19,500, ya pili 18,000. Kikomo kimepanuka mara nne, mfuko umeumia karibu sawa. Hata kuongeza mikataba kulifuata kipimo hicho, kila bei ilipopanda nusu ya N.

Huu ndio urithi mkubwa wa Dennis, kuliko kanuni zake za kuingia sokoni: mtu hakuhitaji kubashiri kesho ili ajue aweke kiasi gani leo.

Lakini kipimo cha siku 20 zilizopita hakioni ya mbele. Oktoba 19, 1987, fahirisi ya hisa ya Dow Jones ilianguka asilimia 22.6 kwa siku moja. Bei ikiruka kikomo bila kukigusa, amri ya kuuza hutekelezwa mbali sana na pale ilipowekwa. Mwaka 1988, baada ya hasara kubwa, Dennis aliacha kuendesha fedha za wateja. Mwaka huohuo mmoja wa Kasa wake, Jerry Parker, alifungua kampuni ya Chesapeake Capital huko Virginia, akaendelea kufuata mwelekeo wa bei kama alivyofundishwa.