Likizo Ndefu Iliwekwa kwa Ajili ya Nani?

Ukimwuliza Mmarekani kwa nini shule za huku hufungwa Juni, Julai na sehemu kubwa ya Agosti, mara nyingi atakujibu kwamba zamani watoto walihitajika shambani. Mimi nilifundishwa hivyo nikiwa darasa la tano. Nyumbani wazazi wangu walilipokea jibu hilo bila ubishi, maana wote wawili ni watu wa Tanga, na mtoto kushika jembe msimu wa kilimo kwao si habari. Lakini aliyewahi kulima mahindi anajua kwamba mikono mingi hutakiwa wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna. Kwa huku Marekani, hiyo ni Aprili na Mei, halafu Septemba na Oktoba. Miezi hiyo ndiyo watoto wako darasani.

Shule za vijijini za karne ya 19 zilifuata kweli mwendo wa shamba, ila haukuwa huu tulio nao. Zilikuwa na muhula wa baridi na muhula wa kiangazi, na zilifungwa katikati, watu walipopanda na walipovuna. Muhula wa kiangazi ulikuwa hasa wa watoto wadogo na wasichana. Wavulana wakubwa walikuja wakati wa baridi, kazi za nje zilipopungua. Kwa hiyo mtoto mdogo wa mkulima alikuwa anasoma katika miezi hiyo hiyo ambayo sisi tunaiita likizo.

Likizo ndefu ilitoka mjini. Mwaka 1842 shule za jiji la New York zilifunguliwa karibu siku 250 kwa mwaka, na leo shule nyingi za nchi hii zinafundisha siku 180 hivi. Zilipunguzwa kidogo kidogo kwa sababu kadhaa. Majengo yalikuwa ya joto na hewa haba. Madaktari na wakaguzi wa elimu waliamini kwamba akili ya mtoto ikifanyishwa kazi mno huugua. Daktari Amariah Brigham aliandika kitabu juu ya jambo hilo mwaka 1832, na hofu hiyo ilidumu miaka mingi. Walimu nao walitaka muda wa kujiendeleza. Lakini sababu ninayoiona nzito zaidi ni kwamba familia zenye uwezo zilikimbia joto la mji, zikaenda pwani au milimani, na kuhudhuria shule hakukuwa lazima. Jimbo la kwanza kupitisha sheria ya lazima, Massachusetts, lilifanya hivyo mwaka 1852, na majimbo yote yalikuwa nayo ifikapo 1918. Mjini mwalimu alibaki na madawati nusu matupu mwezi wa Julai, na wakubwa wa shule wakaona heri wafunge.

Yaani kipimo kilichotumika ni familia yenye mama anayeshinda nyumbani na baba mwenye nauli ya kuwapeleka watoto milimani. Nadhani historia yote ya kiangazi baada ya hapo ni ya familia ambazo hazikuingia katika kipimo hicho.

Zilikuwa nyingi. Katika vyumba vya kupanga vya New York na Boston mama alishona nguo za kiwanda mezani kwake huku mtoto mchanga akilia kwenye joto, na wakubwa wake wakicheza barabarani kati ya magari ya farasi. Mwaka 1877 mchungaji Willard Parsons wa kijiji cha Sherman, Pennsylvania, aliwaomba waumini wake wawapokee watoto maskini wa New York kwa muda wakati wa kiangazi. Mfuko uliotokana na hapo, Fresh Air Fund, bado unafanya kazi. Shule za likizo nazo zilienea miaka ya 1890 katika miji kama New York na Chicago, zikiwafundisha watoto useremala, ushonaji na nyimbo, ili mradi wasiwe mitaani.

Ninachokipenda zaidi ni rundo la mchanga. Marie Zakrzewska, daktari mwanamke aliyezaliwa Berlin na kufanya kazi Boston, aliona katika bustani za Berlin marundo ya mchanga yaliyowekwa kwa ajili ya watoto. Aliandika barua Boston kueleza, na mwaka 1885 kikundi cha akina mama kikamwaga mchanga katika ua wa kanisa dogo la mtaa wa Parmenter, sehemu ya North End iliyojaa wahamiaji. Watoto wakapewa vikoleo vya mbao, na wanawake wa mtaani wakawaangalia. Ni hayo tu! Wanahistoria wengi wanahesabu rundo hilo kuwa mwanzo wa viwanja vya umma vya kuchezea watoto Marekani, na kwa mama wa North End maana yake ilikuwa muda wa kufanya kazi bila kuchungulia dirishani.

Kiangazi pia kilikuwa msimu wa hofu, jambo ambalo kizazi chetu hakilijui. Polio ilipenda miezi ya joto. Mwaka 1916 iliua zaidi ya watu 2,000 katika jiji la New York peke yake, wengi wao watoto wadogo, na mtoto hakuruhusiwa kuondoka mjini bila cheti cha afya. Mwaka 1952 nchi nzima ilipata wagonjwa karibu 58,000. Mabwawa ya kuogelea yalifungwa, sinema zikakatazwa watoto, na wazazi waliwaweka ndani wakati shule imefungwa na nyumba ni tanuri. Tarehe 12 Aprili 1955 ilipotangazwa kwamba chanjo ya Jonas Salk inafanya kazi, kengele za makanisa zililia.

Serikali kuu iliingia baadaye. Mpango wa Head Start, ambao leo watu wanaujua kama shule ya awali, ulianza kiangazi cha 1965 kama mpango wa wiki nane tu, na zaidi ya watoto 500,000 walijiunga. Mwaka 1968 likaanza jaribio la kulisha watoto shule zikifungwa, kwa sababu mtoto anayekula chakula cha mchana shuleni bure hapati likizo ya njaa; jaribio hilo likawa mpango kamili mwaka 1975. Katika mji wetu chakula hicho hutolewa maktabani saa sita. Huulizwi karatasi wala kipato. Sisi wanne tulikwenda kwa miguu, mdogo wetu wa mwisho mgongoni kwa dada.

Familia nyingi za wanachama wa klabu hii zimeishi hivyo. Baba zamu ya usiku ghalani, mama anatunza wazee mchana, na kituo cha kulelea watoto watatu kinakula mshahara mzima wa mmoja wao. Anayebaki ni mtoto wa kwanza. Dada yangu alikuwa na miaka 12 alipokabidhiwa ufunguo, wali wa kupasha moto na amri ya kutomfungulia mtu. Majimbo mengi hayana sheria inayotaja umri wa mtoto kuachwa peke yake, kwa hiyo wazazi walibaki wakikisia, na mama alipiga simu kila mapumziko yake ya dakika kumi na tano.

Kwetu kulikuwa na njia nyingine: Bibi. Tulikusanya nauli mwaka mzima, viza ya kutembelea ikipatikana anakuja Mei. Hizo ndizo wiki pekee za mwaka tulizosikia Kiswahili kuanzia chai ya asubuhi hadi kulala, kwa kuwa wakati wa shule wazazi walikuwa wamechoka na sisi tulijibizana kwa Kiingereza. Methali, majina ya samaki, adabu ya kumpokea mgeni mzigo, vyote nilivipata Julai. Alikataa kabisa kuuita mwezi huo kiangazi. Kwao Julai ni kipupwe, upepo wa kusi unavuma na watu wanajifunika shuka asubuhi, na likizo ya katikati ya mwaka ni ya majuma machache tu, mtoto akapelekwa kwa bibi yake akarudi kabla hajasahau hesabu. Miezi miwili na zaidi ilimshangaza. Aliuliza ni nani aliyedhani wazazi wote hawa hawaendi kazini.

Kwa miaka mitatu sasa Bibi hajapata viza. Dada ameajiriwa, mimi niko hapa chuoni na darasa la kiangazi, na ufunguo anao mdogo wetu wa tatu, mwenye miaka 14.