Flaiwili nyepesi: inayofaa Nyali huenda isifae Muhoroni

Mpwa wangu anafanya kazi Muhoroni, kaunti ya Kisumu, na ana Subaru Impreza ya gia za mkono anayoipenda kuliko usingizi wake. Juzi kaniletea ujumbe: "Mjomba, nitafutie huko Mombasa flaiwili nyepesi, ile nyepesi kabisa." Rafiki yake wa Nyali kafunga moja na hana analosifu tena ila hiyo. Vijana wengi huniuliza swali hili, na kwa kuwa nilisomea mitambo kwa diploma kabla ya kushika kalamu, jibu lake naliweka hapa tusome sote.

Flaiwili ni ile sahani nzito ya chuma iliyofungwa nyuma ya kranki. Klachi pleti hubanwa juu yake, na meno yaliyo ukingoni ndiyo starta inayoyashika kuwasha injini. Kazi yake kubwa ni kuweka akiba ya mwendo. Pistoni husukuma kwa vishindo, na uzito ule ndio unaoziba mapengo kati ya kishindo na kishindo. Akiba hiyo hiyo ndiyo inayokubeba unapoachia klachi gari likiwa limesimama.

Ukipunguza uzito, injini hupanda mizunguko upesi na hushuka upesi. Nguvu yenyewe haiongezeki hata chembe, na muuzaji anayekuahidi farasi zaidi anakula pesa zako. Unachopata ni wepesi wa kuchapuka, na huo hutegemea gia. Tuseme umepunguza kilo 4 zilizokuwa sentimita 10 kutoka katikati. Gia ya kwanza ikiwa 3.45, difu 4.1, na tairi lina sentimita 30 kutoka kitovuni hadi chini, basi katika gia ya kwanza ni kama umeshusha zaidi ya kilo 90 garini. Ukifika gia ya tano ya 0.74, ni kama umeshusha kilo 8 tu, na nne kati ya hizo ni uzito wa chuma chenyewe. Kwa hiyo raha yote iko chini, gia ya kwanza na ya pili. Tena uliza uzito umetolewa wapi: kilo iliyotolewa ukingoni ina faida mara nne ya kilo iliyotolewa nusu ya umbali huo.

Sasa tuje Muhoroni. Yule rafiki wa Nyali anaendesha usawa wa bahari, barabara tambarare. Muhoroni iko mita 1,300 hivi juu, na ukishika njia ya Koru na Fort Ternan kwenda Londiani unapanda hadi kupita mita 2,000. Injini isiyo na turbo hupungukiwa na karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Yenye turbo nayo ni dhaifu kabla turbo haijashika, yaani pale pale unapoachia klachi. Ongeza trekta za miwa: unatambaa nyuma ya trela, unasimama mlimani, unaondoka, unasimama tena. Kwa flaiwili nyepesi kupita kiasi, ama gari linakuzimikia huku nyuma yako kuna lori, ama unakanyaga mafuta sana na kuiteleza klachi mpaka unasikia harufu yake. Klachi itakwisha kabla ya wakati wake, na pesa ya starehe itakuwa imegeuka pesa ya matengenezo.

Kwa mpwa wangu nasema achukue ya feleji ya kipande kimoja, iliyopungua robo au theluthi ya uzito wa kiwandani, asivuke hapo. Zile za alumini zenye uso wa chuma awaachie wanaoshindana viwanjani.

Kuna jambo moja sina mjadala nalo. Wapo mafundi wa kerezo wanaoichukua flaiwili ya kiwandani ya chuma cha kusubu na kuila mgongo hadi iwe nyepesi. Kusawazisha uso wake kidogo ni matengenezo ya kawaida. Kuila mgongo ni hatari. Mkazo ndani ya chuma hupanda kwa mraba wa mwendo: kutoka mizunguko 3,000 hadi 6,000 kwa dakika, mkazo ni mara nne. Ikipasuka, vipande hutoboa nyumba ya klachi na sakafu, na miguu yako na ya abiria wako iko pale. Tafuta iliyopigwa alama ya SFI 1.1, na uinunue kwa mtu mwenye duka unalolijua.

Magari mengine hutoka kiwandani na flaiwili ya vipande viwili yenye springi ndani. Ukiweka ya kipande kimoja, klachi pleti lazima iwe na springi zake, na hata hivyo giaboksi huweza kulia kama njugu ndani ya kopo gari likiwa limesimama linanguruma. Kompyuta ya gari nayo huweza kuwasha taa ikidhani silinda moja haichomi. Hilo si lazima liwe ubovu, lakini lipimwe.

Giaboksi ikishushwa, badilisha hapo hapo sili ya nyuma ya kranki na rilisi beringi, maana kazi ya kuishusha mara ya pili utailipia upya. Bolti ziwe mpya, zikazwe kwa spana ya kupimia. Flaiwili na presha pleti zipimwe mizani zikiwa pamoja, kisha zitiwe alama ya rangi mahali zilipokutana, ili fundi asizifunge kinyume.