Asidi, besi na oksidi za nyumbani: zinavyounguza na la kufanya

Ndimu, siki na maziwa ya mgando ni vichachu kwa sababu vina asidi. Majivu, magadi, chokaa na sabuni viko upande wa pili: hivyo ni besi, na vikilowa huteleza vidoleni. Ukali wa pande hizi hupimwa kwa pH, kwa kawaida kuanzia 0 hadi 14. Maji safi ni 7. Chini ya hapo ni asidi, juu yake ni besi. Kila hatua moja ni mara 10, kwa hiyo pH 2 ina asidi mara 100 kuliko pH 4. Damu yako hukaa kati ya 7.35 na 7.45, na ikitoka hapo unaumwa.

Wengi huogopa asidi ya betri lakini huichukulia kirahisi kostiki, ile punje nyeupe ya kutengenezea sabuni na kuzibulia mabomba. Hilo ni kosa. Asidi ikigusa ngozi hugandisha protini, kama ndimu inavyoibadilisha nyama mbichi kuwa nyeupe, na tabaka hilo lililoganda huizuia kidogo isizame. Kostiki haigandishi, inayeyusha. Ule utelezi unaousikia vidoleni ni mafuta ya ngozi yako mwenyewe yakigeuka sabuni. Inaendelea kuzama, na mwanzoni huenda usisikie maumivu makali. Jichoni inaweza kupofusha.

Ikikumwagikia, vua nguo iliyolowa na mwaga maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi. Jicho nalo oshea hivyo hivyo, ukilishika liwe wazi, kisha nenda hospitali hata kama limetulia. Usipake ndimu wala siki ili "kuvunja nguvu": asidi na besi zikikutana hutoa joto, na utaongeza kuungua juu ya kuungua.

Mtoto akiinywa, usimtapishe, maana ikirudi itaunguza koo mara ya pili. Msuuze mdomo, ateme, umkimbize hospitali pamoja na chupa yenyewe. Asipopata matibabu mapema, kovu linaweza kubana njia ya chakula wiki kadhaa baadaye, ashindwe kumeza hata uji. Mara nyingi kisa huanzia kwenye chupa ya soda au ya maji iliyojazwa dawa ya kusafishia. Mtoto hawezi kujua kuwa umebadilisha kilichomo.

Oksidi ni kitu kilichoungana na oksijeni. Oksidi nyingi za metali zinazoingia kwenye maji huzaa besi. Chokaa hai, yaani oksidi ya kalsiamu, ndiyo mfano ulio karibu: ikikutana na maji huchemka na kuwa chokaa iliyozimwa. Kwa hiyo ikiwa kavu mwilini, ipangusie chini kwanza kwa kitambaa au brashi, ndipo uoshe kwa maji mengi. Jichoni usisubiri, osha mara moja. Oksidi nyingi za zisizo metali huzaa asidi. Gesi inayotoa povu kwenye soda ni mojawapo.

Usichanganye jiki na dawa ya choo yenye asidi. Vikikutana hutoa klorini, gesi inayochoma mapafu, na choo chenye dirisha dogo hujaa upesi. Ukisikia harufu kali na kikohozi, toka nje kwanza. Ndoo utaishughulikia baadaye.

Monoksidi ya kaboni haina uchachu wala utelezi, haina rangi wala harufu, ndiyo maana huua watu usingizini. Hutoka kwenye jiko la mkaa lililoingizwa chumbani usiku wa baridi, hata kama mkaa umeiva na hautoi moshi. Hung'ang'ania damu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni. Kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa watu wote wa chumba kimoja si malaria ya ghafla: watoe nje wapate hewa, kisha wapeleke hospitali.