Gesi ya maji kwenye gari: kutoka Leningrad hadi gereji ya mtaani

Septemba 1941 majeshi ya Ujerumani yaliuzingira mji wa Leningrad wa Urusi ya Kisovieti, na petroli ikaanza kuadimika. Juu ya mji yalielea maputo makubwa yaliyojazwa haidrojeni, na nyaya zake za chuma zilikuwa mtego kwa ndege za adui zilizothubutu kuruka chini. Maputo hayo yalishushwa na kupandishwa kwa winchi zilizoendeshwa na injini za malori ya GAZ-AA, na sasa malori hayakuwa na mafuta. Isitoshe, baada ya muda haidrojeni ndani ya puto huchanganyika na hewa na kupungukiwa nguvu ya kuinua. Ikifika hapo wanajeshi waliiachia ipotee angani, kisha wakajaza mpya.

Luteni mmoja fundi, Boris Shelishch, aliitazama gesi hiyo ikipotea, akaona inaweza kuchomwa ndani ya injini. Alichukua mpira, akaunganisha puto na njia ya hewa ya injini ya lori, na injini ikanguruma. Lakini katika majaribio hayo ya mwanzo moto ulirudi nyuma kupitia mpira, gesi ikalipuka, naye mwenyewe akaumizwa na mshindo.

Hakukata tamaa. Katikati ya puto na injini aliweka chombo chenye maji, alichokiunda kwa ganda la mtungi wa kuzimia moto. Gesi ilipita ndani ya maji ndipo ifike kwenye injini, na moto uliporudi nyuma ulizimikia majini. Kwa ubunifu huo malori yapatayo 200 yalifanya kazi katika mji uliozingirwa, na Shelishch akatunukiwa Nishani ya Nyota Nyekundu.

Nimeanza na Leningrad kwa sababu sijui mfano bora zaidi wa haidrojeni iliyofungwa kienyeji kwenye gari ikafanya kazi kweli. Tazama basi mambo mawili. Gesi ile ilikuwa imetengenezwa kwingine, ikapatikana bure kwa kuwa ilikuwa inamwagwa. Na fundi aliyezoea kuishika kila siku ilimlipukia hata hivyo.

Wazo lenyewe la kuendesha gari kwa haidrojeni ni la zamani kuliko gari la petroli. Mwaka 1800 Waingereza wawili, William Nicholson na Anthony Carlisle, walipitisha umeme wa betri ndani ya maji wakaona yanagawanyika kuwa haidrojeni na oksijeni. Miaka saba baadaye François Isaac de Rivaz wa Uswisi alipata hataza ya injini iliyochoma haidrojeni kwa cheche ya umeme, akaifunga kwenye kigari. Gesi yake aliibeba ndani ya puto. Kigari kilisogea masafa mafupi tu, lakini kilisogea, na hiyo ni miaka mingi kabla ya Karl Benz kuzaliwa.

Tuvuke hadi Marekani, jimbo la Ohio, kwa sababu hapo historia hii inagawanyika njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya Karl Kordesch, mwanasayansi mzaliwa wa Austria. Karibu mwaka 1970 alichukua gari lake dogo, Austin A40, akalifunga seli za kuzalisha umeme kwa haidrojeni, na mitungi ya gesi akaipanga juu ya paa. Alilitumia barabarani miaka kadhaa. Paa lina faida yake: haidrojeni ni nyepesi kuliko gesi zote, ikivuja inapanda juu na kutawanyika. Hapo juu gesi ilikuwa na njia ya kutokea.

Njia ya pili ni ya Stanley Meyer wa Grove City. Huyu alidai gari lake dogo la wazi lingetoka Los Angeles hadi New York kwa lita 83 za maji matupu. Wawekezaji wawili walimfikisha mahakamani. Wataalamu walikikagua kifaa chake, wakakuta ni uchanganuzi wa kawaida wa maji kwa umeme, uleule wa mwaka 1800. Mwaka 1996 mahakama iliamua kwamba ametenda ulaghai mkubwa na wa wazi, ikamwamuru arudishe dola 25,000. Alifariki ghafla Machi 1998 akiwa mgahawani. Mchunguzi wa vifo alisema ni mshipa uliopasuka kichwani, lakini hadi leo wapo wanaoamini aliuawa na wenye visima vya mafuta. 

Madai ya namna hiyo hayakuishia Marekani. Ufilipino, Daniel Dingel alidai miongo mingi kwamba gari lake linatumia maji, na Desemba 2008 akahukumiwa kwa utapeli akiwa na miaka 82. Pakistan, mwaka 2012, madai kama hayo yaliwafikia mpaka mawaziri, huku mwanafizikia Pervez Hoodbhoy akiyapinga hadharani.

Bei ya mafuta ilipopaa mwaka 2008, duniani kote vilienea vifaa vya "gesi ya HHO", yaani haidrojeni na oksijeni pamoja: chombo chini ya boneti, mabamba ya chuma, maji yenye kemikali, waya kutoka kwenye betri, na mpira unaopeleka gesi kwenye injini. Wauzaji hawakudai tena gari liende kwa maji peke yake; waliahidi kupunguza petroli. Tupige hesabu. Chombo kinachovuta ampea 20 hutoa kama lita 1 ya gesi kwa dakika. Injini ya cc 1,500 ikizunguka mara 2,000 kwa dakika huvuta karibu lita 1,500 za hewa katika dakika hiyohiyo. Lita moja humo itafanya nini?

Na umeme wa kuivunja lita hiyo unatoka kwenye alteneta, inayozungushwa na injini, inayokula petroli. Katika sehemu 100 za nishati ya petroli, injini hutoa kama 28 za kuzungusha shafti. Alteneta ikizipokea hugeuza kama 15 kuwa umeme, chombo cha kuvunja maji hutoa kama 8 zikiwa gesi, na gesi hiyo ikirudi kuchomwa kwenye injini ileile zinabaki 2. Aliyeona nafuu baada ya kufungiwa, mara nyingi aliwekewa pia kifaa cha kuidanganya sensa ya oksijeni ili injini ipewe petroli pungufu. Mchanganyiko ukipungukiwa mno na petroli, joto hupanda na valvu huungua.

Hasara ya fedha inavumilika. Hatari ndiyo inayonifanya niandike. Haidrojeni huwaka ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa, na huwashwa na cheche ndogo mara kumi hivi kuliko inayohitajika kuwasha mvuke wa petroli. Gesi ya HHO ni mbaya zaidi, kwa sababu imekuja na oksijeni yake: tayari imechanganywa kwa mlipuko, ndani ya chupa ya plastiki, pembeni ya injini ya moto. Kemikali inayotiwa kwenye maji ni kali ya kupofusha macho. Wanaotia chumvi ya jikoni wanatengeneza klorini, gesi ya sumu.

Wenye viwanda nao hawajasalimika. Toyota Mirai, gari la haidrojeni lililoingia sokoni mwaka 2014, hubeba takriban kilo 5 za haidrojeni katika matangi ya nyuzi za kaboni yenye shinikizo mara 700 ya hewa ya kawaida, pamoja na sensa za kunusa uvujaji. Hata hivyo, Juni 2019 kituo cha kujazia haidrojeni huko Sandvika, Norway, kililipuka kwa sababu bolti za tangi hazikukazwa ipasavyo.

Anayetaka kupunguza gharama za petroli Dar es Salaam ana gesi asilia, ambayo magari na bajaji hufungiwa mitungi yake na mafundi waliosomea kazi hiyo. Lakini ndugu msomaji, kama tayari umefungiwa chombo cha HHO, usisubiri. Zima gari liache lipoe, fungua boneti uiache wazi gesi itoke, kisha mwite fundi akiondoe. Asivute sigara hapo, na yale maji asiyashike bila glavu na miwani.